Pikipiki Tatu za Cornel

Costancia, niinulie mto, halafu kaa. Wewe Urbanus, zima hiyo redio. Sikilizeni wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo nimeshaipima, haitoshi kurudia jambo mara mbili. Na asilie mtu. Nimezika mume, nimezika watoto wawili kabla yenu, sikuona kilio kikimwinua hata mmoja.

Naanza na pikipiki kwa sababu najua ndizo zilizowajaa kichwani. Yule Mzungu wa Nairobi aliyekuja mwezi uliopita, akalala kifudifudi kwenye mavi ya mbuzi ili asome namba za injini, aliwaambia kweli: Velocette kama ile na Rudge kama ile zimebaki chache sana duniani. Nawe Urbanus ukampa mkono, ukamwahidi zote mbili kana kwamba mimi nimeshakufa. Sijafa.

Baba yenu hakuwa mwizi. Aliyeanza kuzikusanya ni Bwana Dening, meneja wa shamba la mkonge kule Rudewa. Mwaka wa Uhuru, Wazungu wenzake walipokuwa wanafunga masanduku, yeye alizunguka Tanga na Arusha na Nairobi akinunua pikipiki za mashindano za kwao Uingereza, zile ambazo wenyewe walishindwa kuondoka nazo, na Cornel ndiye aliyekuwa fundi wake. Mwaka wa sitini na saba serikali ilipochukua mashamba, Bwana Dening akamwachia Cornel tatu, kwa karatasi yenye sahihi: Norton, Velocette na Rudge. Karatasi imo ndani ya Biblia yangu. Toka siku hiyo ugonjwa wa Mzungu ukamhamia mume wangu. Wanaume wenye akili walikuwa wanatafuta bati la kuezekea, yeye alipanda baiskeli mpaka Mpwapwa kufuata kabureta, akarudi nayo kaificha ndani ya gunia la mtama, amekonda, anacheka peke yake. Nikamwambia, "Cornel, una wake wanne, na ni mimi tu nisiyepakwa mafuta." Akanijibu, "Wewe ndiye mpishi wao."

Na kweli niliwapikia. Injini zile hazikutaka mafuta ya trekta, zilitaka ya nyonyo, na kupika mafuta ya nyonyo nilifundishwa na mama yangu kwetu Mamboya kabla sijaingia darasa la kwanza la misheni: unakaanga mbegu, unatwanga, unachemsha, unaengua polepole yasibaki na maji. Sisi tulijipaka mwilini. Bwana Dening aliagiza ya makopo toka kwao, na makopo yalipokwisha, baba yenu akatumia yangu, nimeyachuja mara tatu kwa kitambaa safi. Akanionya jambo moja. "Mama Costancia," akasema, "haya na ya trekta hayakai chombo kimoja. Ukiyachanganya, yakishapata moto yanaganda kama uji uliolala, injini inashika, tairi la nyuma linagoma, na aliyekaa juu tunamwokota vipande."

Sasa nawaambia ya mwaka wa sabini na nne, ya operesheni, tulipohamishwa toka shambani kwetu Zombo kupelekwa kijiji cha barabarani. Mkubwa wa mgambo wa kutuhamisha alikuwa Nikolaus, baba yenu mdogo, tumbo moja na Cornel. Mlimpenda. Urbanus, viatu vyako vya kwanza alikununulia yeye, na mpaka leo picha yake umeitundika juu ya kitanda chako. Ukitoka hapa kaishushe.

Mliambiwa baba yenu aliangukiwa na ukuta wakati wa kubomoa nyumba. Hakuna ukuta uliomwangukia. Nyinyi mlikuwa mmetangulia na lori la vyombo. Nikolaus alifika na vijana watatu, wakatia moto paa, kisha akamwuliza kaka yake pikipiki amezifukia wapi, kwa maana alizitamani toka siku Mzungu alipomruka yeye akampa mwenzake. Cornel akamwambia, "Za nini, na miguu hiyo mifupi? Ukiisimamisha hazitafika chini, utaanguka." Ndivyo alivyokuwa, kunyamaza hakukujua. Wakauingiza mkono wake wa kulia kwenye jiliwa lake mwenyewe la kubania vyuma, Nikolaus akazungusha. "Norton iko wapi?" "Kwa mama yako." Mama yao ni mmoja, na alikuwa kaburini. Akazungusha tena. Mimi nilikuwa chini, buti la mtu shingoni, mchanga mdomoni, nikawa navihesabu vidole vya mume wangu kwa mlio. Kiganja kikapasuka, na bado anamtukana. Ndipo Nikolaus alipogeuza bunduki, akampiga kitako kisogoni, mara ya kwanza, mara ya pili, taratibu, kama mtu anayetwanga. Hapo mimi nikasema. Nilisema Norton iko chini ya zizi, zile mbili sikuzitaja, na nilipokuwa nasema ndipo pigo la tatu liliposhuka.

Alikufa siku ya tatu, chini ya turubai, hajafumbua macho. Nikolaus akanijia na ubani wa rambirambi mkono mmoja, wa pili kanishika koo. "Sema ukuta, shemeji. Ukisema kingine, watoto nawatupa Mkondoa, na mto umejaa." Nikasema ukuta.

Baada ya wiki tano akaitwa mkutanoni Mikumi, akataka kufika juu ya Norton watu wamwone. Akamchukua Mwinshehe wa Rudewa, fundi ambaye Cornel ndiye aliyemfundisha kazi, kwa lazima, mtutu mgongoni, na Mwinshehe akaikaza mnyororo, akaifuta vumbi, ikawaka. Ilikuwa asubuhi. Nikolaus akanyoosha mkono, "Shemeji, mafuta." Nikaingia ndani. Nusu nilitia ya nyonyo, nusu ya trekta, nikakoroga kwa mwiko, nikamletea. Aliyamimina mwenyewe, akanishukuru. Nami nikamwambia, "Usiende mbio, shemeji, barabara mbaya," kwa sababu nilimjua: akiambiwa hivyo na mwanamke, ataongeza.

Walimwokota ng'ambo ya kijiji cha Ulaya. Injini ilishika akiwa mteremkoni, ikamrusha kwenye kisiki. Buti moja lilikuwa mguuni, mguu wa pili uliletwa jioni ndani ya gunia. Nilipika chakula cha msiba wake, nikala nikashiba. Ndiyo, Costancia, nitazame vizuri. Ni mimi. Sikukosea vipimo.

Sijutii Nikolaus, na nikiulizwa kule niendako nitajibu hivyohivyo. Ninalolijutia ni hili linalofuata. Walimkamata Mwinshehe, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuonekana na spana. Ilikuwaje wamfikirie mwanamke? Mwanamke hagusi injini. Hakimu aliniuliza kama marehemu alikuwa amekunywa pombe. Habari ya mafuta hakuniuliza, na mimi sikumkumbusha. Wakampa miaka saba, akakaa sita. Niliogopa kamba, wanangu. Sikunyamaza kwa ajili yenu, msije mkajidanganya. Nilinyamaza kwa ajili ya shingo hii.

Kisha mwaka jana wewe Urbanus ukamkuta stendi ya Kilosa, mzee wa watu ametoka kifungoni, ananunua chumvi, ukamshukia na mpini wa jembe mbele ya abiria. "Hii ya baba mdogo!" ndivyo ulivyopiga kelele. Jicho lake la kushoto ukalimwaga. Ukaja nyumbani una damu mpaka kwenye kola, unajisifu, na mimi mama yako nikakupakulia nyama.

Basi shikeni ninayoagiza. Rudge ni yenu wawili, muuzieni huyo Mzungu mkitaka. Shamba la Zombo ni la Costancia, lile la kando ya mto la Urbanus, asije mtu akapanda mipaka upya. Velocette ni ya Mwinshehe, na karatasi ya Bwana Dening mumpe. Mimi mnizike na Cornel, mbali na yule mwingine.

Kikohozi hiki... nipe maji. Kidogo. Basi.

Mwinshehe yuko nyuma ya pazia hilo. Kaa chini, Urbanus! Kaa, au unipige mimi kwanza, hutachukua muda. Nilimwita mwenyewe, na jana nilimweleza yote. Alisukuma kikombe cha chai pembeni. Halafu akasema, "Pikipiki nimekubali, Mama Costancia. Na jina langu nalo liko banda gani?" Mkewe aliolewa na mtu mwingine. Wanawe wanaitwa watoto wa muuaji. Anataka lisemwe Rudewa, Ijumaa, watu wakitoka msikitini, kwa sauti, kwamba aliyeua ni mimi, Raheli binti wa Mamboya. Nilisema nitakwenda. Miguu hii haifiki mlangoni. Utakwenda wewe, Urbanus, kwa miguu yako, na utasema na la jicho.

Mwinshehe, toka baba. Pita.

Mtazame, Urbanus. Usitazame chini.

Mungu awape miaka ambayo Cornel hakuipata, awape usingizi ambao mimi sikuupata. Mikono yenu isije ikashika kazi niliyoishika mimi. Costancia... mwanangu, wewe hukunisumbua. Mguu umepata baridi, funika.

Urbanus. Huyu ni mkubwa wako, na toka aingie hujamwamkia. Mwamkie. Katika nyumba yangu mtu mzima haingii akasimama bila salamu.

Sijasikia. Masikio yangu yanakwenda... Sema vizuri.

Sema tena, mwanangu.

Haya. Haya, hiyo nimeisikia. Mwinshehe, kijana amekupa shikamoo. Sikulazimishi baba... lakini kama utaitikia, itikia sasa, nikiwa bado...