Mwalimu Barnabas Maroa na Katiba ya Sokoni Ndhiwa

Mwalimu Barnabas Maroa alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 karibu na Isebania, mtoto wa tatu wa Mzee Matiko na Mama Nyanchoka. Alisomea huko huko nyumbani, akahitimu ualimu mwaka 1969.

Mwaka 1971 alihamishiwa Ndhiwa kufundisha historia. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Roseline Akeyo wa Kendu Bay. Kijaluo chake cha Mkuria kiliwachekesha wakwe mpaka mwisho, naye hakuacha kukizungumza.

Vyama vingi viliporuhusiwa, Mwalimu alinunua nakala ya katiba. Kila Jumamosi aliwasomea watu sokoni, akiwafafanulia kwa Kiswahili. Tarehe 14 Mei 1994 alikamatwa kwa kufanya mkutano bila kibali. Alimsomea afisa kifungu cha themanini, kinacholinda haki ya kukusanyika.

"Mwalimu, hicho kitabu hata sisi tunacho," afisa alimjibu. "Kibali kiko wapi?"

Alizuiliwa siku tisa. Aliporudi, hakuwa yule tuliyemjua. Aliketi akitazama mlango, na mgeni akibisha alificha katiba chini ya godoro. Kuna mtu aliyemchongea, na siku ile rafiki yake kwa miaka ishirini, Wesley Odero, hakufika sokoni. Mwalimu alikata shauri kwamba ni yeye, akaacha hata kumsalimu. Sheria ya vibali ilipoondolewa mwaka 1997 alirudi kusoma sokoni, lakini Wesley alipokaribia, alifunga kitabu.

Januari 1998 figo zilianza kumsumbua, akalazwa Homa Bay. Tarehe 3 Juni, Mama Roseline alimwambia jambo alilolibeba miaka minne.

"Ni mimi niliyemwambia chifu. Nilitaka wakuonye, uache, kabla hawajakuua."

Mwalimu akasema, "Niitie Wesley."

Wesley alifika kesho yake. Mwalimu alimwomba msamaha mbele ya mkewe, akamshika mkono kila mmoja. Alifariki alfajiri ya tarehe 6 Juni.

Mama Roseline mwenyewe ameomba haya yasomwe leo, kwa sababu tangu jana kuna waombolezaji wanaomkwepa Wesley.

Mwalimu amewaacha mjane wake Roseline, watoto Tony, Damaris na Emmaculate, wajukuu wawili, na Wesley, ambaye familia imemwomba atangulie kubeba jeneza.

Mungu amlaze Mwalimu wetu kwa amani.