Mzee Shuaib Anaondoka na Neno la Siri

Leo, tarehe 30 Septemba 1999, Mzee Shuaib Abdullahi, mkuu wa masjala katika ofisi yetu ya maji hapa Garissa, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kutunza siri. Siri zenyewe zilikuwa chache. Kuzitunza ndiko kulikokuwa na kazi.

Tangu aajiriwe, hakuna faili lililotoka kabatini kwa urahisi. Hata mkurugenzi alilazimika kuanza na habari za nyumbani, za mvua na za ngamia wa Mzee kule Bute, ndipo ataje shida yake.

Mafuriko ya El Niño yalipoingia masjala, mafaili yalilowa chapachapa. Ikaamuliwa yahamie kwenye kompyuta. Mzee akaenda kozi Nairobi, akarudi na kitu kiitwacho Linux. Tulimcheka, wallahi! Lakini aliiunda seva, kompyuta kuu ya mafaili yote, peke yake: kila idara na sehemu yake, kila mtu na neno lake la siri. Hongera zake, na hizi ni za dhati.

Tatizo tulikuwa sisi. Kila mmoja alichagua jina la babu yake wa saba, na huku kwetu mtoto huhesabu mababu zake kabla hajajua kufunga viatu, na wa jirani anawajua vilevile. Kabla ya chai ya saa nne, Fatumo wa stoo alikuwa ameshasoma nani anahamishiwa Mandera. Maskini yule akaagwa kabla hajapata barua.

Mzee aliwaka! Alifuta maneno yote, akaweka moja analolijua yeye tu. Tangu hapo, ukitaka faili unapanga foleni mezani kwake, unajieleza, unageukia ukuta, ndipo anafungua. Wakaguzi walikuja wakasema seva yetu ni salama kabisa. Ni kweli. Hata sisi wenyewe hatuingii.

Sasa pampu ya kisima cha Sangailu imekufa. Watu na mifugo wana kiu, na vipimo vya kisima, ambavyo fundi wetu Bi. Qabale anavihitaji ili aagize pampu nyingine, vimo ndani ya seva. Mzee anasema alikabidhi ofisi Jumatatu, kwa hiyo kanuni hazimruhusu kuigusa tena. Neno la siri ni amana ya mrithi wake. Mrithi hajateuliwa. Tumejaribu mababu zake hadi wa kumi na nne, tukaingia kwa majina ya ngamia wake. Wapi!

Mzee wetu, tunakushukuru kwa moyo wote, hata kwa kutugeuza ukutani. Mungu akupe afya, malisho na wajukuu watiifu kuliko sisi. Tunakutakia maisha mema.

Dereva Isacko amekwisha pakia mizigo yako, na gari la kukupeleka Bute limejaa mafuta. Ufunguo wake anao Bi. Qabale. Yuko masjala, mbele ya kompyuta, na amekuwekea kiti.