Mkaguzi Aliyeifuta Alama Yake

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mkaguzi Mkuu wa kitengo chetu cha fursa sawa atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Muda huo wote amehakiki kama majengo ya umma yanafuata viwango vya kimataifa kuhusu watu wenye ulemavu, na kuandaa taarifa inayopelekwa kila baada ya miaka miwili kwa kamati inayosimamia viwango hivyo.

Alianza akiwa karani wa fomu, meza yake ikitazamana na ukuta. Baada ya miaka mitatu alikabidhiwa futi ya kupimia, na hapo ndipo alipoitwa Mzee Futi, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Walinzi wa malangoni walipigiana simu kuonyana kwamba Futi yuko njiani, hivyo pikipiki ziondolewe upesi kwenye njia za mteremko. Katika ofisi moja alipima mlango wa choo mkurugenzi akiwa ndani. Mkurugenzi alipotoka aliombwa radhi, kisha akaarifiwa kuwa upana wa mlango umepungua sentimita nane.

Hata hivyo, anayetaka kumwandika kwa haki hana budi kulitaja kosa lake, maana yeye mwenyewe hulisimulia kwa kila mwajiriwa mpya.

Katika mwaka wake wa tisa alikagua jengo la masijala. Njia ya mteremko ilikuwa mpya: upana, mwinuko na vishikizo, vyote barabara. Akaweka alama ya vema, akatia saini, na taarifa ikaenda kwa kamati ikilitaja jengo hilo kuwa la mfano. Mlango uliokuwa mwisho wa njia hiyo hakuufungua, kwa sababu fomu haikuuliza. Ulikuwa mlango wa stoo, umefungwa kwa ndani na kuzibwa na madawati mabovu.

Miezi michache baadaye, binti mmoja anayetumia kiti cha magurudumu alifaulu usaili wa ukarani wa masijala hiyo. Siku ya kuripoti aliishia mbele ya mlango huo. Mkuu wa ofisi akamwonyesha taarifa yetu: jengo limepita, kwa hiyo tatizo ni lake. Akampa siku kumi na nne ajue ataingiaje, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Binti alikuja kwetu na mama yake, wakiuliza ni nani aliyetia saini. Sisi wenzake tulimkonyeza atoke kwa mlango wa nyuma. Hakutoka. Alisimama mapokezi, mikono nyuma, mama yule akimsuta mbele ya watu: eti baba mzima amepima kwa makini njia ya kwenda stoo, na lau angeongozana na binti huyu siku ile, futi isingehitajika. Alijibu kwamba mama amesema kweli, na kwamba kosa ni lake.

Mkuu wa idara wa wakati huo alimshauri asubiri taarifa ijayo, asije akaiaibisha ofisi. Na barua ya kumpandisha cheo ilikuwa mezani ikingoja saini. Alijibu kuwa binti ana siku kumi na nne, si miaka miwili. Siku hiyohiyo aliiandikia kamati kuifuta alama yake, akapeleka nakala masijala kwa mkono wake. Cheo kilichelewa miaka minne. Madawati yaliondolewa ndani ya siku tisa, na binti akaingia kazini.

Tangu hapo, kitengo hiki hakifanyi ukaguzi bila kuongozana na mtu mwenye ulemavu, na mtu huyo ndiye anayetia saini kwanza. Binti yule leo ni mkuu wa masijala. Wiki iliyopita alitupigia simu kulalamika kuwa lifti yao mpya haina sauti ya kumwongoza asiyeona. Tumeiandika kwenye orodha ya ukaguzi.

Kaka yetu, asante kwa kutufundisha kukiri hadharani na kurekebisha haraka. Shemeji ametuomba tusikusumbue kwa simu; tutajitahidi. Nenda kwa wajukuu ukiwa na afya na moyo mweupe, na siku zako zikunyookee. Orodha bado ina majengo sabini na matatu ambayo hayajafikiwa. Hayo tuachie sisi.