Mutoto Anageuka Shaba

Banc yetu iko Kasulo, mbele ya nyumba yangu: mbao moya juu ya matofali, na mi pembeni na thermos zangu za kahawa. Hapa kila mutu anakuwa na jina ya pili. Tata Kankolongo tunamuita Sirène, juu ata leo, myaka kumi na tano kisha kutoka ku kazi ya mine, anaamuka saa ile sirène ilikuwa inalia. Hénock, kijana mwenye kuchimba, ni Quarante: anasema alishuka metre makumi ine, na tangu pale kila kitu anakipima na metre. Domitille, muuzaji wa mikate ya mafuta, ni Mama Maono. Mi, mwanamuke muzee, banasema tu Nkambo. Nyuma yangu banasema Nkambo Pilipili, banazani sisikii. Nyumba tatu kutoka hapa anaikala Falonne, mujukuu wangu. Mu chumba yake, chini ya kitanda, iko shimo. Bwana yake Elisée na rafiki yake Gael balikuwa banachimba kobalti pale, mpaka siku udongo uliangukia Gael. Hatukuweza kumutoa. Tulifunika na mbao, tukaweka mukeka, na juu ya ule mukeka Falonne alizaa.

Asubui moya, karibu saa tano na nusu, Elisée alikuya, akaikala bila kulomba kahawa. Mutoto wake alikuwa na mwezi moya na siku tano, na alikuwa manjano tangu siku ya tatu. Mi njo nilitoa amri: leo saa sita ya muchana Falonne amutoe ku ziwa, tumupe mayi ya muchele. Elisée alitaka banc imuambie kama nilisema haki.

— Manjano ya namna gani? Sirène akauliza.

— Mpaka mu macho, tata. Ananyonya muzuri, lakini kilio yake ni sawa ya mutu mwenye iko mbali.

— Basi ni maziwa. Bibi yako Falonne analala juu ya mine. Vumbi inapanda, inaingia mu ziwa. Mi nilionaka ku kazi: shaba inaanza manjano, kisha inageuka kijani. Mungojee kwanza.

— Tungojee mutoto akuwe kijani?

— Haraka haina baraka.

— Sirène, nikamuambia, wewe ulikuwa unafungua barrière ku mulango ya mine. Shaba gani uliyeyushaka?

— Barrière inaona mingi, Nkambo.

Mama Maono akafunika beseni yake ya mikate. Akifunika, ujue anataka kusema kirefu.

— Si vumbi. Vumbi haina macho. Juzi nilienda kumuombea yule mutoto. Aliniangalia, na ile kuangalia haikuwa ya mutoto wa mwezi moya. Ilikuwa ya mutu mwenye anajua jina yangu.

— Kasulo yote inajua jina yako, Quarante akasema. Unaimbaka mpaka kuku banahama.

— Cheka tu. Nyuma ya yale macho kuna mutu anashika taa. Njo inapita manjano. Mutoto wa nyoka ni nyoka.

— Na nyoka hapa ni nani, mama? Elisée akauliza. Ni mi?

Quarante akaweka kikopo chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, na hii ndiyo ilianza kunikasirisha.

— Mama Maono iko karibu, lakini anapima mubaya. Gael iko metre kumi na nane. Nilipima kamba mi mwenyewe. Siku nilienda kuona mutoto, kitu iligonga mu mbao, chini ya mukeka. Mara tatu. Mutoto akaacha ziwa, akageuza kichwa chini. Ikagonga tena tatu. Akarudia kunyonya.

— Ni mayi, nikasema. Mvua inajaza mashimo.

— Mayi haihesabu, Nkambo.

Na mi nilishasikia ile kugonga, na mi nilishahesabu. Siku nilikanyaga mukeka, ilinyamaza, sawa mutu mwenye anajua nani anakanyaga. Sikuambia mutu.

— Kule chini hakuna jua, Quarante akaendelea. Kitu yenye kukosa jua inakuwa manjano, ata majani. Gael anakopa mwili, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Manjano ilianza ku macho, ikashuka ku kifua, ku tumbo. Siku itafika ku nyayo, njo siku atamaliza kupanda.

Elisée alikuwa anaangalia mikono yake.

— Ilishafika ku nyayo, akasema. Tangu jana.

Mama Maono akavuta beseni yake mbali naye, kidogo, akizani hatuoni.

— Musingojee saa sita, Sirène akasema. Kateni ziwa sasa hivi.

— Ziwa njo kamba anapandia, Quarante akasema. Kata kamba.

Nilisimama niende kumuambia Falonne. Pembeni ya banc kulikuwa mwanamuke mwenye alinunua kahawa, anangojea moto, pikipiki ya kumupeleka Manika. Alisema anaitwa Agnès, anatoka Musumba, kisha tukamusahau.

— Samahani, bandugu, akasema. Mavi ya mutoto iko rangi gani?

Quarante akamugeukia, anataka kucheka.

— Mavi?

— Ya mutoto. Ni manjano, ni kijani, ao ni mweupe?

Sirène akaangalia Elisée. Elisée akaniangalia mi. Mi njo niliweka sheria mu ile nyumba: uchafu wa mutoto jicho ya mutu isiione, mulozi asiuchukue. Falonne peke yake anakunja nguo, anatupa mu shimo ya choo. Tulikuwa batu batano. Tulijua metre, tulijua jina ya mutu chini ya mbao.

— Sijui, nikasema.

— Na wewe unauliza juu ya nini? Mama Maono akamuambia.

— Ya mutoto wangu ilikuwa mweupe. Ku hôpital baliniambia batoto mingi ya ziwa banakuwa manjano mwezi moya, ata miwili, na inaisha yenyewe. Lakini mwenye mavi mweupe anakimbizwa siku ile ile. Balisema nilichelewa.

Akamaliza kahawa yake.

Elisée akakimbia. Akarudi na Falonne, mutoto mu kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza jua inamuona. Nyayo zake zilikuwa sawa mahindi ya kukauka.

— Falonne, nikasema, mavi ya mutoto iko rangi gani?

Hakufikiri ata kidogo.

— Mweupe. Sawa unga ya bukari. Tangu juma ya pili. Nilizani ni maziwa inapita tu.

— Na hukusema?

— Hakuna mwenye aliniuliza.

Moto ya Agnès ikafika. Alikuwa ameshaweka mufuko wake juu. Akautoa, akauweka chini mu vumbi.

— Baende bao kwanza, akaambia dereva. Ku hôpital.

Falonne akapanda nyuma ya dereva, Elisée nyuma yake. Mutoto alikuwa anatafuta na mudomo, anasukuma kitenge. Falonne akashika nguo yake ku kifua, hakuifungua. Aliniangalia mi.

— Nkambo, saa sita imefika. Nimunyime?

Banc yote ilikuwa imesimama.

— Mupe ziwa, nikasema. Mupe njia yote.