Maji ya Moto ya Fundi Faustin

Mheshimiwa Burugumestri, mkuu wa mji wetu, Baba Padri, wakubwa wa kazi, ndugu wageni waalikwa, nanyi majirani mliokuja kwa sababu mlisikia kuna bia: karibuni.

Mimi ni Régine, mkunga wa mtaa. Nimeombwa kumsifu fundi Faustin, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini ya kutengeneza mafrigo ya mji huu wa Elisabethville. Kumsifu si kazi rahisi. Mtu huyu huchelewa hata misa ya saa nne, na suruali yake mnaiona wenyewe.

Mwaka jana alifunga mota ya frigo kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba yake. "Frigo inaondosha joto ndani, inaitupa inje," alitueleza. "Miye nitakamata joto ya hewa, niisukume mu maji. Itakula umeme kidogo kuliko resho yenu ya kupikia." Nani hakucheka? Mimi niliwapita wote: "Faustin, utatupikia na ugali wa bukari mu barafu?"

Kisha Desemba ikaja na mapigano. Barabara ya hospitali ikafungwa, makaa hayakuingia tena mjini, na umeme ukawa dhaifu hata resho zetu hazikupasha kitu. Ndipo jirani yangu Mwaba akajifungua kabla ya wakati: mtoto wa kilo moja na nusu, mwili baridi. Alihitaji chupa za maji ya moto pande zote, kila saa. Ningeyatoa wapi?

Nilikwenda kwa Faustin na ndoo, na aibu yangu yote. Nikatumbukiza mkono pipani, nikautoa mbio. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Mama Régine, unataka ndoo ngapi?" Siku tisa alililinda pipa lile, risasi zikilia, akikaza mirija kwa waya na matusi ya Kibemba. Mtoto mwenyewe ndiye huyu anayevuta tai ya Mheshimiwa.

Jana nilimuuliza niseme nini juu yake. Akakuna kichwa. "Sema juu ya muke wangu, Marie-Thérèse. Ile mota ilitoka mu frigo yake. Mwaka muzima anakunywa maji ya vuguvugu, na hakusema kintu."

Mama Marie-Thérèse, mimi ningesema!

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Sasa simama, mama, tukupigie makofi wewe kwanza.