Sinema ya Kunusa kwa Sadala

Kijiwe cha kahawa cha Korogwe ya Zamani kiko ubavuni mwa kibanda umiza cha Sadala, anamoonyesha sinema kwa kiingilio, na siku hizi kinachojaa ni kijiwe. Simu zimemmaliza mtu wa watu. Mtoto wa darasa la nne anatazama picha kitandani kwao, kisha anakuja kumhadithia Sadala mwisho wake! Wamebaki wafugaji wa Handeni, wale wa siku ya mnada. Nao wakimkimbia, Sadala anafunga, anarudi kijijini kwao Sindeni kushika jembe alilolikimbia ujanani. Leo basi kaja na jambo lake, na kichwa kimemvimba.

— Simu ina picha, ina sauti. Haina nini?

— Haya, tuambie.

— Harufu!

Profesa, ambaye chuo alikiona akipita na basi, aliweka kikombe chini.

— Aisee! Penye mapenzi, fukiza udi. Penye msiba, katakata vitunguu. Watalia mpaka waombe poo.

— Na jambazi je? — aliuliza Feni, fundi wa mapangaboi.

— Dagaa waliovunda! Akitokea tu, watu wamemjua.

— Hapo mimi nafunga feni kubwa, uvundo ufike mpaka stendi.

— Si utafukuza watu, wewe? — mnywaji mmoja alidakia.

— Thubutu! — alisema Profesa. — Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Uvundo utajitembeza wenyewe kumtafutia Sadala wateja.

Sadala akacheka kwa raha. Wenzake wanapiga domo, yeye keshatenda. Picha ya leo ni ya wezi wa ng'ombe, na tangu asubuhi kamwaga mavi mabichi ya ng'ombe chini ya mabenchi, madirisha kayaziba kwa magunia.

Mara akatokea Saruni na wafugaji wenzake, rubega zimejaa vumbi la mnada.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Saruni! Karibuni! Leo ng'ombe mtawaona, mtawasikia, na mtawanusa!

Saruni akachungulia ndani. Akarudi kajibana pua.

— Mzee Sadala, nimeamka zizini, nimeshinda mnadani. Kwako nilikuwa nakuja kupumzika, niwe mbali na ng'ombe. Sasa leo nilipie nini?

Sadala akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Feni. Feni akainamia kikombe kitupu.

— Wahenga walisema... — Profesa alianza.

— Hebu nyamaza!

Wafugaji wakaaga kwa adabu, wakaenda zao. Sadala aliumia, tena aliumia kweli. Akachukua koleo, akaingia kibandani. Ndani kulikuwa kumejaa, ndiyo, lakini nzi, na hakuna aliyelipa kiingilio.