Boksi Chini ya Gari Jekundu

Sogeeni karibu, wanangu. Alfredi, acha kuangalia hiyo simu, iweke hapa kwenye mto irekodi kama inataka kurekodi, maana leo nasema mara moja tu, na pumzi nilizobaki nazo si za kurudia maneno. Imakulata, mama, fungua mlango wote jua liingie. Mzee Hhando, asante kwa kuja, kaa kwenye stuli hiyo nikuone vizuri, kwa sababu ulikuwepo siku niliyokosea na nataka uwepo ninapotengeneza. Na huyo aliyesimama nje ya geti tangu saa moja asubuhi, mwacheni asimame kidogo. Kilichomzuia ni mdomo wangu, na mdomo huu huu ndio utakaomfungulia.

Nianze na mali, kwa kuwa ni chache na hazinisumbui. Shamba la Tumati, lote mpaka kwenye mfereji, ni la Alfredi, na usilikodishe kwa mtu wa kulima mahindi kila mwaka bila kupumzisha udongo. Nyumba hii na ng'ombe waliomo zizini ni vya Imakulata, ambaye amenilisha na kunichoma sindano miezi minane huku akinigombeza kama mtoto wa chekechea. Yule ndama jike mwenye baka jeupe pajani msimhesabu kwenye mgao, huyo apelekwe Hanang kwa mzee Gidamis, na sababu yake mtaisikia. Imebaki karakana, spana zangu, jeki mbili na gari jekundu, na hivyo nitavitaja mwisho. Usikunje uso, Alfredi, najua umeshaongea na mtu wa chuma chakavu.

Sasa sikilizeni habari ya gari, kwa sababu ndiyo wosia wenyewe.

Mnakumbuka lilivyofika. Daktari mmoja alihamishiwa huku kutoka Moshi akaja na gari la michezo, milango miwili, jekundu, limelala chini mpaka tumbo linakwangua mawe, na mvua za kwanza tu likamshinda. Nikampa ng'ombe wanne, akaniachia. Dongobesh nzima ilinicheka, wakaliita Chura, wakauliza kama nitalilimia. Mimi nilikuwa fundi wa matrekta na malori, nimeshika injini miaka thelathini, lakini ile nilipoifunua niliivulia kofia kwa jinsi ilivyopangwa. Niliipenda, sitaficha, mama yenu Mectilda alisema naiangalia kuliko ninavyomwangalia yeye, na kwa wiki mbili tatu hivi alikuwa sahihi.

Halafu ikaja posa ya Imakulata. Nikasema nitakwenda Katesh kwa wakwe kupeleka jibu na gari langu, wazee wenzangu wapande basi. Ilikuwa kiangazi, na nyinyi mnalijua vumbi la kuanzia Haydom kushuka Basotu, lile jeupe linaloingia mpaka kwenye meno. Tulirudi salama. Mwezi uliofuata gari likaanza kudondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi. Fundi yeyote akiona oili pale anasema neno moja: sili ya nyuma ya krenki, ule mpira wa kuzuia oili isitoke, imekufa.

Nikamwita mdogo wenu Yonas. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mkono wake, nalisema leo mbele ya shahidi, ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Akashusha giaboksi peke yake, akaweka sili mpya, akarudisha. Siku tatu, oili ikatoka. Akashusha tena, akaweka nyingine, akaipaka oili ukingo wake kama nilivyomfundisha, akairudisha. Oili ikatoka. Ndipo akanijia jioni, anafuta mikono, akaniambia: "Baba, sili ni nzima. Kuna kitu kinaisukuma oili itoke. Sijakijua bado. Nipe siku mbili nitafute." Mimi nikamjibu kwamba sijui ni neno la mtu aliyefanya kazi vibaya, na harusi ni Jumamosi huko Katesh, aongeze oili tuondoke.

Imakulata, wewe hiyo Jumamosi unaijua kuliko sisi wote. Umekaa kiti cha mbele na shela lako, mimi nimeshika usukani na kofia mpya, na baada ya Basotu taa ya oili ikawaka. Nikazima palepale, hilo tu nilifanya kwa akili. Nyuma yetu barabarani kulikuwa na mstari mweusi. Gidamis, ambaye hatukujuana naye, aliacha ng'ombe wake wakinywa, akafunga maksai wawili akalivuta gari letu mpaka bomani kwake, akalichunga siku tisa na hakuomba kitu. Wala sikumwambia asante, nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni. Wewe ukaingia kanisani umeshuka kwenye lori la vitunguu saumu, na padre akapiga chafya katikati ya kiapo cha ndoa.

Cheka, mama, ukitaka. Siku ile hukucheka, na mimi nililia ndani kwa ndani kwa aibu, na aibu hiyo nikatafuta mtu wa kumbebesha.

Tuliporudi hapa, wageni wamejaa uwanjani, Mzee Hhando amekaa karibu nami kama alivyokaa sasa, nikamwita Yonas mbele ya watu. Nikanyoosha mkono kwenye jua kama baba yangu alivyokuwa akinyoosha, nikaapa kwamba mkono wa Yonas hautagusa tena chombo changu, na mguu wake hautakanyaga uwanja huu, mpaka mimi mwenyewe niseme vingine juani. Mnajua kiapo cha namna hiyo kwetu si maneno ya hasira yanayoisha usingizini. Nilikwenda baadaye kuungama, padre akaniondolea dhambi, lakini akaniambia waziwazi kwamba nilichofunga mbele ya wazee nikakifungue mbele ya wazee. Nikasema nitakwenda. Sikwenda, kwa sababu niliamini nina haki.

Miaka kumi na moja. Yonas akahamia Maretadu, akafungua kijiwe cha pikipiki chini ya bati mbili. Mama yenu alipofariki tulimzika hapo nyuma ya zizi, na Yonas alimzika mama yake amesimama nje ya ua, ameshika senyenge kwa mikono miwili, hakuvuka. Nilimwona. Nikainamisha kichwa nikajifanya natafuta rozari. Na kila Jumapili akitoka misa anasimamisha pikipiki getini, anavua kofia, anasema shikamoo baba, kwa sauti ya kunifikia. Sikumwitikia hata mara moja. Nyinyi mlikuwa mnasikia, mlikuwa mnaangalia sahani zenu, sikuwalaumu na sasa pia siwalaumu.

Na gari je? Kila mwezi nililiwasha lisife, likadondosha, na kila tone nililitazama nikasema, tazama kazi ya mjinga.

Ugonjwa ndio uliobadilisha mambo. Mwaka huu miguu ilipokataa kwenda mbali, nilikuwa nakaa karakanani mchana kutwa, sina wa kuongea naye ila Chura. Siku moja nikajiuliza swali ambalo ningemtandika mwanafunzi wangu kwa kutoliuliza: hii oili, acha inapodondokea, inaanzia wapi? Nikaona haya. Niliona tone chini nikahukumu, sikuwahi kulifuata juu. Basi nikaanza. Imakulata, lile godoro ulilolitafuta lilikuwa chini ya gari, na mafuta ya taa yaliyoisha jikoni hakuyaiba mtu. Niliisugua injini kwa brashi siku mbili, kipande kwa kipande, nikipumzika kila nikihesabu hamsini, mpaka ikang'aa kama sufuria ya Krismasi. Nikaiacha ikauke. Kisha nikachukua poda ya mtoto, nikaipulizia injini nzima ikawa nyeupe, maana poda ikiguswa na oili inabadilika rangi na kukuonyesha njia. Nikatandaza boksi safi chini la kudakia matone. Nikawasha gari kwa muda wa kusali rozari moja.

Wanangu, sijawahi kuona kitu cha namna ile. Nikaingiza kioo cha kunyolea nyuma ya injini, nikamulika kwa tochi, nikaona njia imeanzia juu kabisa, kwenye kava la tapeti linalofunika injini, ikateremka mgongoni mwa injini mpaka kwenye giaboksi. Mbele nako, kwenye puli ya mkanda, njia nyingine. Nyuma, ya tatu, nyembamba. Sehemu tatu kwa pamoja! Sili moja inaweza kufa, hata mbili, lakini zote tatu kutoa jasho siku moja, huko ndani kuna kinachosukuma. Nikasikia sauti ya Yonas kichwani, maneno yale yale: kuna kitu kinaisukuma oili itoke.

Usiku huo sikulala vizuri, si kwa maumivu, kwa hamu ya kujua. Kulipokucha nikachukua glovu moja kwenye boksi lako la sindano, Imakulata, nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikaivalisha pale juu na kuifunga kwa mpira, nikawasha gari. Ikajaa. Vidole vitano vikasimama, kiganja kikaja juu kikanipungia mkono. Injini ilikuwa imebanwa pumzi. Kila injini ina mpira wa kupumulia, mafundi tunauita briza, ukiziba huo hewa ya ndani haina pa kutokea, inaisukuma oili popote penye upenyo hata kama sili ni mpya na imewekwa na malaika.

Nikaufuata mpira huo kwa vidole mpaka mwisho wake huko chini karibu na chesisi. Umezibwa. Nikachomoa kwa koleo. Ni kitambaa.

Nipeni maji kidogo. Asante.

Alfredi, fungua ule mkebe wa biskuti uliopo dirishani. Kitoe, uwaonyeshe. Kimekuwa cheusi, lakini kunjua pale katikati. Njano, na mkia wa tausi wa bluu. Imakulata anakifahamu, naona. Ni kitenge cha mama yenu, kile alichonigombeza kwamba nimekichana nusu. Nilikichana mimi, asubuhi ya kwenda Katesh kujibu posa, nikaziba mdomo wa briza ili vumbi la Basotu lisiingie kwenye injini yangu nzuri. Nilijiona mjanja sana. Nilikusudia kukitoa tukirudi. Tulirudi nimeshangiliwa, pombe imepikwa, nikasahau, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kukiweka pale.

Basi mmejua. Sili mbili alizoziweka mwanangu hazikuwa na kosa. Kosa ni langu, na nimemfukuza mtoto kwa kosa langu, na mama yake amekwenda bila kumshika mkono. Sina cha kujitetea. Nimeona aibu nyingi maishani na hii inazipita zote.

Mzee Hhando, nisaidie nikae. Nishike hapa mgongoni. Imakulata, lete kile kikombe cha maziwa. Hapo, juani.

Niliapa mbele ya jua hili na mbele ya mzee huyu. Nilisema mkono wa Yonas usiguse na mguu wake usikanyage. Sasa nasema aguse, nasema akanyage. Yale maneno nayarudisha kinywani mwangu nayameza, yasimfuate, wala mtoto wake, wala mke wake, wala chombo anachokitengeneza. Natema maziwa haya yawe mahali pa maneno yale. Mzee umesikia. Basi.

Alfredi, nenda wewe, kwa miguu yako, ukafungue geti. Usimpigie kelele aingie, mshike mkono uingie naye.

Wakati anakuja nimalizie. Karakana ni yake, spana na jeki ni zake, na Chura ni lake, akitaka kuliuza kwa yule mtu wa Alfredi wa chuma chakavu ni shauri lake. Ndama kwa Gidamis, mwende wote watatu, mseme asante niliyoshindwa kusema. Mnizike hapo kwa mama yenu, na senyenge ya upande ule mkaiondoe kwanza. Msinunue jeneza la kung'aa.

Watoto wenu wawe na afya. Mvua iwapate kwa wakati wake. Ng'ombe wazae. Mkikosana, msilale na maneno... msilale nayo kama mimi. Mzee, niitikie Ee kila ninapobariki. Ee. Mkawe na amani. Ee.

Ni hatua zake hizo? Anavuta mguu, nini kimempata mguu? Hamkuniambia.

Sogea, baba. Sogea nikuone. Una mvi, wewe... Umesema nini? Rudia.

Marahaba.

Marahaba, mwanangu. Na zile zote. Marahaba.

Usilie, nina kazi na wewe, na muda umeisha. Sikiliza. Tangu nitoe kitambaa sijaliwasha gari. Nguvu ziliniishia. Nimelifuta, nimeongeza oili, kuna boksi safi chini, nimelichora duara pale tone lilipokuwa likidondokea. Sili ya nyuma ni ile ile yako. Sijui... labda imekauka kwa kukaa. Labda imeshika. Nataka kujua. Ufunguo uko hapa, chini ya mto, chukua. Liwashe, ngoja rozari moja, halafu ulale chini uangalie boksi.

Mlango uacheni wazi, nisikie mlio.

Usiniambie cha kunifurahisha. Kama kuna tone, sema kuna tone. Kama hujui, sema hujui... Nenda. Ulichokiona njoo uniambie, Yonas. Safari hii nitakuamini.